Wateja wa mtandaoni wanapotelea wapi? Tafuta tatizo kuanzia chini

Anayekuja kwangu kuomba msaada karibu kila mara huanza na sentensi moja: "Nimelipia matangazo, watu hawaji." Nikimuuliza ana meseji ngapi ambazo hazijajibiwa, anatoa simu, anaskroli, kisha ananyamaza. Watu walikuja. Walibisha hodi, hakuna aliyefungua, wakaenda kwa mwingine.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unakwenda kinyumenyume. Mteja hupitia vituo: anakuona, anakuelewa, anakuamini, anakuuliza, analipa. Mauzo yakipungua, wengi hukimbilia kituo cha kwanza, kwa kuwa ndicho kinachouzwa sana: matangazo zaidi, wafuasi zaidi, nafasi ya juu zaidi kwenye Google. Lakini bomba likiwa limepasuka chini, ukiongeza maji juu unaongeza tope tu. Mimi naanzia pale pesa inapoingia, napanda juu hatua kwa hatua. Suala la mteja aliyenunua na asirudi lina hesabu zake, nimeliweka baada ya hayo.

Kabla ya kugusa chochote

Azima simu ya mtu ambaye hajawahi kufungua kurasa zako. Zima Wi-Fi, tumia bando. Usitafute jina la biashara yako. Tafuta kile unachouza, kwa maneno ya mtu asiyekujua. Ukijiona, ingia, soma, kisha tuma swali kama mteja mwingine yeyote, ukiangalia saa. Andika kila mahali uliposita, hata kwa sekunde moja: herufi zisizosomeka, picha iliyochelewa, namba iliyogoma kupiga.

Simu yako mwenyewe haifai kwa kazi hii. Imeshazoea tovuti yako, picha zake imezihifadhi, na Google inajua unapopenda kwenda. Itakuonyesha uko nafasi ya kwanza, nawe utafurahi bure.

Dalili: meseji zinaingia, pesa haiingii

Tazama mazungumzo haya, ya aina ninayoonyeshwa kila mara:

Saa 3:10 asubuhi, mteja: "Habari. Meza ya kwenye picha ya pili bado ipo?"
Saa 6:45 mchana, muuzaji: "Ipo"
Saa 6:46, mteja: "Bei yake?"
Saa 10:20 jioni, muuzaji: "Unaitaka lini?"

Hapo mteja akapotea. Ukimuuliza muuzaji, atakwambia mteja hakuwa siriazi. Sasa hesabu: mteja ametumia saa saba na dakika kumi kupata neno moja na swali. Katika muda huo ameshawauliza wengine watatu, kwa sababu kuuliza hakumgharimu chochote.

Jibu lile lile lingeweza kuwa hivi: "Habari, karibu. Ndiyo, imebaki moja ya rangi hiyo. Bei nimeiandika chini ya picha hii, na usafiri umo ndani yake. Urefu sentimita 140, upana 70. Ukithibitisha leo, itafika Alhamisi. Nikuwekee?" Limejibu alichouliza, limejibu na alichokuwa anataka kuuliza baadaye, na limemalizia kwa swali linalojibika kwa neno moja. Liandike mara moja, lihifadhi, utalitumia mara mia. WhatsApp Business, programu ya bure iliyotoka Januari 2018, ina sehemu ya majibu ya haraka kwa kazi hiyo hiyo, na ina lebo za kutenganisha aliyeuliza, aliyeagiza na aliyelipa. Wengi walio nayo wanatumia jina na picha tu.

Sasa visababishi, kimoja kimoja.

Simu ni moja na mwenye simu yuko kazini. Hapa dawa ni kupanga zamu, au kutaja saa za kujibu waziwazi. Meseji ya kujiendesha inasaidia ikiwa inasema kitu: "Tunajibu kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Bei zote ziko kwenye katalogi, bonyeza hapa." Ikiwa inasema tu "Asante kwa kuwasiliana nasi, tutakujibu hivi punde," halafu kimya mpaka kesho, ni afadhali isingekuwepo, maana umeahidi na hukutimiza kabla hata hamjafahamiana.

Bei imefichwa. "Bei njoo inboksi" ina watetezi wake, nami nimewasikiliza. Wanasema mteja akija inboksi utampata umshawishi. Huenda, kwa kitu kinachotengenezwa kwa vipimo vya kila mtu. Kwa bidhaa ya kawaida, unachokipata ni inboksi iliyojaa watu wanaouliza bei tu, na mwenye haraka ya kulipa amezama katikati yao humuoni. Kama bei inabadilika, weka bei ya kuanzia na useme inategemea nini.

Mlango umefungwa na wewe hujui. Hiki kilinikuta. Kwa miezi kadhaa niliamini tovuti yangu haina mvuto. Fomu ya mawasiliano ilionekana nzima: mgeni anajaza, anabonyeza, anaandikiwa "Asante, tumepokea ujumbe wako." Hatukuwa tumepokea chochote. Fomu ilikuwa inatuma kwa anwani niliyoiacha nilipohamisha tovuti. Siku nilipofungua kile kisanduku cha zamani, nilikuta maombi ya kazi yamepangana, la mwisho likisema, "Basi, tumeshapata mtu mwingine." Tangu hapo Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi najaza fomu yangu mwenyewe.

Kuna namna nyingine ya mlango huo huo kufungwa. Fomu nyingi hutuma barua pepe zikijifanya zimetoka kwenye anwani ya mgeni aliyejaza. Mitambo ya barua pepe siku hizi inaona udanganyifu hapo, na inaitupa barua kwenye taka. Mwambie fundi wa tovuti aweke mtumaji kuwa anwani ya tovuti yako, na anwani ya mgeni ikae kwenye sehemu ya "jibu kwa". Na kama una kitufe cha WhatsApp, kiangalie: linki ya wa.me inataka namba yenye msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mwanzo, bila nafasi. Sifuri moja ikibaki, kila anayebonyeza anaambiwa namba haipo.

Dalili: wageni wanaingia kwenye tovuti, hakuna anayeuliza

Kwanza hakikisha kipimo chako kiko hai. Toleo la zamani la Google Analytics, chombo cha kuhesabu wageni wa tovuti, liliacha kupokea takwimu mpya tarehe 1 Julai 2023. Kama tovuti yako ilijengwa kabla ya hapo na hakuna aliyeigusa, huenda kipimo chako kilikufa siku hiyo bila kukuaga.

Kikiwa hai, tenganisha wageni wa simu na wa kompyuta. Wa simu wakitoka haraka huku wa kompyuta wakibaki na kusoma, shuku kasi. Wakitoka wote, shuku ujumbe, au shuku kwamba waliokuja siyo uliokuwa unawataka.

Kasi. Google yenyewe imeweka vipimo vitatu unavyoweza kuviona bure kwenye PageSpeed Insights, ukurasa wake wa kupima kasi: kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, mtu akibonyeza, ukurasa uitikie ndani ya milisekunde 200, na alama ya kurukaruka kwa ukurasa isizidi 0.1. Hicho cha mwisho unakijua hata kama hukijui jina: unataka kubonyeza "Piga simu", bango linachomoza juu, ukurasa unashuka, kidole kinatua kwenye kitu kingine.

Mara nyingi mkosaji ni picha. Picha inayotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu inaweza kuwa na megabaiti nne na upana wa pikseli 4000. Skrini ya simu inatosheka na pikseli 1200 au chini ya hapo. Punguza upana, ihifadhi kwa aina ya faili la WebP au JPEG, na picha hiyo itashuka chini ya kilobaiti 200 bila jicho kuona tofauti. Ukurasa wenye picha kumi za namna ile ya kwanza ni megabaiti 40. Unamwomba mgeni akulipie maonyesho yako kwa bando lake.

Onyo la usalama. Tangu Julai 2018, kivinjari cha Chrome kinaandika kwamba tovuti yoyote isiyo na HTTPS, yaani ulinzi unaoficha mawasiliano yasisomwe njiani, si salama, pale pale kwenye anwani. Cheti cha kuondoa onyo hilo kinapatikana bure kwa Let's Encrypt, watoaji wa vyeti hivyo, ila kimezoeleka kuwa cha siku 90, na hujihuisha chenyewe kama seva imepangwa vizuri. Wageni wakikatika ghafla siku moja kama maji ya bomba, anza na cheti. Kinapoisha, mgeni haoni tovuti yako kabisa, anaona ukurasa mzima wa kumtisha.

Ujumbe. Fungua ukurasa wako wa mwanzo kwenye simu, usiskroli. Kilichopo hapo kinatakiwa kusema unauza nini, kwa nani, na mtu afanye nini sasa. "Karibu kwenye tovuti yetu. Sisi ni kampuni inayoongoza kwa huduma bora zenye viwango vya kimataifa." Ni nani huyo? Anaweza kuwa wakili, anaweza kuwa mchimba visima. Linganisha na hii: "Tunashona sare za kazini kuanzia vipande 20. Tuma logo yako, upate sampuli kabla ya kulipa." Asiye na haja ya sare ataondoka, na aondoke. Mwenye haja amejua amefika.

Tangazo na ukurasa havifanani. Tangazo linaonyesha kabati fulani. Linki inampeleka mtu kwenye ukurasa wa mwanzo wenye bidhaa mia mbili, alitafute mwenyewe. Hatalitafuta. Kila tangazo lipeleke kwenye kitu kile kile kilichoonyeshwa, picha ile ile, bei ile ile.

Fomu yenye maswali kumi na mawili ipunguze yawe matatu. Mwaka wa kuzaliwa utamuuliza siku nyingine, kama utauhitaji.

Dalili: wafuasi wengi, laiki nyingi, wanunuzi hakuna

Kwanza swali lisilopendeza: wafuasi hao wamepatikanaje? Wakiwa wamenunuliwa, hakuna dawa zaidi ya kuanza upya taratibu, maana chapisho lako linaonyeshwa kwanza kwa kundi dogo la wafuasi, na kundi hilo likiwa limekufa, mtandao unahitimisha kwamba chapisho halina maana. Walioletwa na shindano la zawadi ni hivyo hivyo kwa kiasi kikubwa, walifuata zawadi.

Kama wafuasi ni wa kweli, jua kwamba hawakuoni wote. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba Facebook itatanguliza machapisho ya marafiki na familia kuliko ya kurasa za biashara, na tangu hapo biashara inayotegemea kuposti tu inafikia sehemu ndogo ya watu wake. Hilo si kosa lako, na kuposti mara sita kwa siku hakuliondoi.

Kisha angalia uliagiza nini. Ukibonyeza kitufe cha kubusti bila kusoma, huenda unauambia mfumo ulete watu wa kulaiki na kukomenti. Na utaletewa, kwa uaminifu kabisa. Wapo watu ambao kazi yao mtandaoni ni kulaiki. Hawanunui kwa mtu yeyote. Ingia kwenye meneja wa matangazo, chagua lengo la meseji au la mauzo, hata kama namba za laiki zitashuka na utaona aibu kidogo.

Usilichezee tangazo kila asubuhi. Mfumo wa Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, huhitaji takribani matokeo 50 ndani ya wiki kujifunza nani wa kumwonyesha, na mabadiliko makubwa ya picha, walengwa au bajeti yanaweza kuurudisha mwanzo. Mwenye bajeti ndogo aendeshe tangazo moja, aliache wiki nzima. Matangazo matano yenye njaa hayajifunzi lolote.

Dalili: Google haikuonyeshi

Andika kwenye Google neno site, nukta mbili, kisha anwani ya tovuti yako bila nafasi. Majibu yakitoka sifuri, huenda tovuti haimo kabisa kwenye hifadhi ya Google, na hapo mada ya maneno muhimu na mengineyo bado haijafika.

Sababu ya kawaida ni ya kijinga. Fundi akijenga tovuti kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, huweka tiki kwenye kisanduku kinachozizuia injini za utafutaji zisiingie wakati kazi haijaisha. Kazi inaisha, tovuti inazinduliwa, tiki inabaki. Iko kwenye mipangilio, sehemu ya usomaji. Nyingine ni faili la robots.txt, linaloziambia injini za utafutaji ziingie wapi, lenye mstari mmoja unaozuia kila kitu. Fungua Google Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, ni bure, weka anwani ya ukurasa mmoja, nayo itakwambia kama umezuiwa na umezuiwa na nini.

Kama ulikuwemo ukapotea baada ya kutengeneza tovuti mpya, huenda anwani za kurasa za zamani zimebadilika na hakuna aliyeacha maelekezo. Kila anwani ya zamani inatakiwa kuelekezwa kwenye mpya kwa uhamisho wa kudumu, ule mafundi wanaouita 301. Bila hivyo, sifa yote iliyojengwa miaka imebaki kwenye nyumba iliyobomolewa.

Ukitafutwa kwa jina unaonekana, ukitafutwa kwa huduma huonekani? Hapo ni maneno. Mwenye kazi huandika lugha ya kazi, mteja hutafuta lugha ya shida. Wewe umeandika "suluhisho za mifumo ya upozaji". Yeye ameandika "friji haigandishi". Pitia meseji za wateja za miezi mitatu, toa maswali yao jinsi walivyoyaandika, uyajibu kwenye kurasa zako moja baada ya jingine. Sijaona kazi ya uandishi yenye faida kuliko hiyo, na malighafi unayo tayari kwenye simu. Tena andika kwa herufi. Bei na huduma zilizochorwa ndani ya picha ya bango hazitegemewi kusomwa na Google.

Kwa biashara inayopokea watu mahali fulani au inayowafuata walipo, wasifu wa biashara kwenye Google una nguvu kuliko tovuti. Ni ule uliokuwa ukiitwa Google My Business mpaka Novemba 2021. Google inasema hupanga majibu ya karibu kwa mambo matatu: ulinganifu na kilichotafutwa, umbali, na umaarufu. Umbali huuwezi. Ulinganifu unaanza na aina ya biashara uliyochagua. Wengi wamechagua ya jumla mno. Umaarufu unachangiwa na maoni ya wateja. Na ikiwa kwenye kadi zako za zamani kuna anwani ya tovuti ya bure uliyoitengeneza ndani ya wasifu huo, zitupe: Google ilizizima tovuti hizo Machi 2024.

Akija mtu kukuahidi nafasi ya kwanza kwa uhakika, mwonyeshe mlango. Google yenyewe imeandika kwamba hakuna anayeweza kuihakikisha.

Dalili: wananunua mara moja, hawarudi

Chukua wateja wa miezi 12 iliyopita. Wangapi wamenunua zaidi ya mara moja? Kama huwezi kujibu, tatizo la kwanza limeshapatikana: huna daftari. Mali bila daftari huisha bila habari, na wateja ni hivyo hivyo. Jedwali la kawaida kwenye kompyuta linatosha: jina, namba, alichonunua, tarehe, na alikujulia wapi. Safu hiyo ya mwisho ijaze kwa kumuuliza tu. Takwimu za mitambo hazioni kwamba alitumiwa namba yako na shemeji yake.

Ukiwa na daftari, angalia visababishi.

Huenda bidhaa yenyewe hainunuliwi mara kwa mara. Aliyenunua kitanda hatarudi mwezi ujao, hata umwandikie mashairi. Kwa mteja wa namna hiyo usihesabu kurudi, hesabu aliowaleta. Lakini anayeuza wino wa printa anajua takriban lini wino utaisha. Meseji inayofika siku tano kabla ya hapo ni huduma. Ikifika siku tano baada ya mteja kununua kwa mwingine, ni kelele.

Huenda unaongea naye ukiwa na cha kuuza tu. Meseji ya kwanza baada ya mauzo isiuze kitu. Iulize kama mzigo umefika mzima na kama kuna kilichomsumbua. Uliza siku ya tatu au ya nne, akiwa ameshakitumia. Wachache watalalamika, na hao ndio uliokuwa unawatafuta: bila swali lako wangelalamika kwa watu wengine.

Huenda meseji zako hazifiki. Orodha ya kawaida ya kutuma kwa wengi kwenye WhatsApp inawafikia tu waliohifadhi namba yako, na orodha moja haizidi watu 256. Ndiyo maana unatuma kwa mia mbili na wanajibu wanne. Wakati wa kumkabidhi mteja risiti mwombe ahifadhi namba, umpe na sababu: ataletewa taarifa ya mzigo wake hapo.

Barua pepe nazo zina masharti yake. Kuanzia Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza: mtumaji athibitishe domeni yake, yaani jina lake la mtandaoni kama lile linaloishia na .com, kwa SPF au DKIM, na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail awe na zote mbili pamoja na DMARC, tena aweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Wanaokuripoti kama taka wasifike watatu kati ya elfu moja. Hizo herufi za ajabu ni mistari michache kwenye mipangilio ya domeni, ya kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Mpe fundi, si kazi ya siku nzima. Ila kiwango cha malalamiko hakirekebishwi na fundi. Kinapanda ukiwaandikia watu ambao hawakuomba, na orodha ya kununua ndiyo njia ya haraka ya kufika huko. Kitufe cha kujiondoa kiweke wazi juu kabisa ukiweza. Asiyekiona atabonyeza "ripoti taka".

Tena usidanganywe na idadi ya waliofungua. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha za ndani ya barua kabla mwenyewe hajaigusa, na mfumo wako unahesabu kwamba imefunguliwa. Hesabu waliobofya, na zaidi waliojibu.

Na huenda kuna maoni mabaya yaliyokaa bila jibu. Mteja wa zamani anayetaka kurudi hukutafuta tena jina, na anayasoma upya. Mtu ameandika: "Mzigo ulichelewa siku tisa, simu hawapokei." Jibu la hasira linajulikana, halafu kuna lile la kunakili: "Pole kwa usumbufu, wasiliana nasi." Hilo la pili ni sawa na kutojibu. Jaribu hivi: "Ni kweli, mzigo wako ulichelewa. Gari liliharibika nasi hatukukujulisha, na hilo ndilo kosa letu kubwa. Siku hizi ukichelewa hata siku moja tunakupigia. Gharama ya usafiri tumekurudishia." Linasomwa na yeye mara moja, na wengine miaka mingi. Bila shaka, liandike tu kama umerudisha kweli.

Kuhusu kununua maoni, au kuwaomba waliofurahi tu na kuwakwepa walionuna: Google inakataza vyote viwili, na Marekani kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inapiga marufuku kununua na kuuza maoni ya uongo. Omba kila mteja, kwa linki ya moja kwa moja, awe ameridhika au hapana. Utapata na nyota tatu ndani yake. Nyota tano tupu, mia moja, zote za wiki moja, haziaminiwi na mtu.

Dalili: kila kitu kimezimika kwa mpigo

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita, kwa sababu ya kosa la mabadiliko kwenye mitambo ya Meta yenyewe. Siku kama hiyo huna la kufanya ila kusubiri, isipokuwa kama lile daftari lina na namba za simu na anwani za barua pepe, nje ya programu hizo.

Ikiwa ni wewe peke yako uliyezimika, shuku kwanza akaunti imeibwa. Njia ya wezi haijabadilika sana: meseji inayojifanya imetoka kwa mtandao wenyewe, ikidai umevunja haki za picha na ukurasa utafungwa ndani ya saa 24, bonyeza hapa kukata rufaa. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwa programu ya kutoa namba, na ukurasa uwe na wasimamizi wawili, wote watu unaowajua walipo.

Ikiwa ni tovuti na barua pepe vilivyokufa pamoja, huenda domeni imeisha muda. Kwa .com, baada ya siku za msamaha anazotoa msajili (kampuni iliyokuuzia domeni), huja siku 30 ambazo kuirudisha kunagharimu zaidi, kisha siku 5, kisha yeyote anaweza kuichukua. Mara nyingi taarifa za kuisha zilitumwa, ila zilikwenda kwa fundi aliyejenga tovuti, ambaye aliisajili kwa jina lake na anwani yake, na aliacha kazi hiyo zamani. Ingia kwenye akaunti ya msajili wa domeni yako leo, uangalie mmiliki ameandikwa nani, ni anwani ipi inayopokea taarifa, na tarehe ya kuisha ni ipi. Kama huna hata neno la siri la kuingilia hapo, anza na simu kwa yule fundi kabla hujalipia tangazo lolote.